Maombi ya Usingizi

Mwenye duka alilikunjua jora la kaniki, akalipiga kwa kiganja juu ya meza ili vumbi litoke, na harufu ikanipanda puani kabla sijajiandaa. Ni harufu ya pamba mpya yenye wanga, na chini yake kitu kama moshi. Shemeji zangu walikuwa wamenituma Migori mjini kununua kitambaa cha nguo yangu ya ujane, maana tulikuwa tumemzika mume wangu wiki iliyotangulia. "Mama, nikate yadi ngapi?" akaniuliza yule mzee wa duka, Msomali mwenye ndevu za hina. Sikulia. Mimi si mtu wa kulia, hata watoto wangu watawaambia. Nilisimama tu mkono juu ya kitambaa, kama mtu aliyesahau kilichomleta.

Tangu mazishi nilikuwa silali. Binti yangu alikuwa ameniletea vidonge kutoka zahanati, akaviweka kando ya kitanda na kusema, "Lakini kabla ya kumeza, Mama, omba. Mwombe Mungu akupe usingizi." Yeye ni mlokole na ana nia njema, kwa hiyo sikubishana naye. Mimi humwomba Mungu mvua, afya ya wajukuu, hata kiongozi mwadilifu, ingawa hilo la mwisho naona na Yeye limemshinda. Usingizi simwombi. Na sababu yake iko ndani ya harufu ya kaniki.

Nilikulia ukingoni mwa bonde la Lambwe, wakati bendera mpya ya uhuru kwa chifu ilikuwa haijapauka bado. Ninyi wa rika langu mnakumbuka Lambwe ilivyokuwa: vichaka vizito, ng'ombe akiingia unamtafuta kwa kusikiliza kengele, na ndani ya vichaka mbung'o. Baba aliajiriwa na idara ya serikali iliyopambana na inzi hao. Nikieleza kazi yake siku hizi, wajukuu wangu hudhani ninawatania. Yeye na mwenzake walibeba kitambaa kikubwa cheusi cha kaniki kilichofungwa kwenye fito, mmoja mbele, mmoja nyuma, wakatembea nacho vichakani taratibu, mwendo wa ng'ombe anayekwenda mtoni. Mbung'o hupenda kitu cheusi kinachosogea. Walikuja kutua, Baba akawanasa kwa wavu mdogo na kuwatia kwenye chupa, na kwa idadi yao wakubwa wake wakajua vichaka gani vifyekwe.

"Wanaume wengine huwinda nyati," Mama alipenda kusema mbele ya wageni. "Wangu anawinda inzi. Na bado nyama hatuli."

Baba alicheka kila mara, kana kwamba ndiyo kwanza anasikia. Mimi niliamini kile kitambaa ni kipande cha usiku, na kwamba serikali ilimchagua Baba akitunze kwa sababu ya uaminifu wake. Nilimwonea fahari.

Baba hakwenda kanisani. Mama na Dani, yaani bibi yangu mzaa baba, walisali na watu wa kanzu nyeupe katika banda la nyasi karibu na kijito. Walipiga ngoma, wakaota ndoto, wakawaombea wagonjwa wakapona. Kiongozi wao alikuwa mwanamke tuliyemwita Nabii Rebeka, mwenye sauti nzito na mikono laini ajabu. Simsemi vibaya. Alilala njaa kwa ajili ya wagonjwa wa watu wengine, na hiyo nimeiona kwa macho yangu.

"Mbung'o akiona kitambaa kinatembea, anadhani ni fahali," Baba alimwambia Dani siku moja akila. "Anatua, anajitahidi, anauma nguo. Nyinyi na makanzu yenu mnanikumbusha kazini."

"Wuoda," Dani akamjibu, yaani mwanangu, naye hakuinua macho kwenye mboga alizokuwa akichambua, "siku moja na wewe utatua."

"Nikitua, mama, uninase kwa wavu."

Vile vitambaa vilipochakaa idara iliwaachia wafanyakazi. Baba akaleta kimoja nyumbani, kimechanika pembeni tu, kifunikie mahindi ghalani, kisha akarudi kambini kwake, ambako alikuwa akikaa wiki nyingi mfululizo. Mama akaona ni dhambi kitambaa kizima namna ile kulaliwa na panya. Alikishona sketi ya kuendea kuni. Haikuonyesha masizi, na miiba haikuipenya. Wanawake wenzake waliikagua pindo kwa wivu, na nadhani hakuna nguo aliyoipenda kama ile. Alirudi kutoka vichakani na mzigo kichwani, akijipiga mapaja na kulalamika, "Leo wamenitafuna kama wana deni na mimi." Tulicheka. Kila mtu wa Lambwe aliumwa na mbung'o, na hatukuona kwamba yeye anaumwa zaidi ya wenzake.

Kisha akaanza kuugua. Homa ilimjia na kumwacha. Viungo vilimuuma, na kichwa kilimuuma hata akajifunga kwa kitambaa akikaza fundo kwa meno. Usiku hakulala. Mimi nilikuwa mtoto wake wa pekee na nililala karibu naye, nikasikia nyayo zake uani zikizunguka nyumba, zikienda, zikirudi. Asubuhi macho yake yalikuwa mekundu na hakuweza kutania mtu. Hilo ndilo lililoniogopesha. Mama asiyetania alikuwa mtu nisiyemjua.

Nabii Rebeka alikuja na watu wake, wakamwekea mikono, wakamnyunyizia maji, wakaimba mpaka kuku wakahama ua. Alipomaliza alinishika kidevu. "Na wewe omba, Atieno. Mungu husikia watoto kwanza, kwa sababu hawajajifunza kusema maneno mengi."

Nilikwenda nyuma ya ghala, nikapiga magoti kwenye makapi ya mtama. Nikasema, "Mungu, mpe mama yangu usingizi." Nikafikiri kidogo, nikaona ombi ni fupi mno kwa mtu anayeumwa vile. Nikaongeza, "Mwingi."

Haukupita muda mrefu, Mama akalala. Kichwa kilimlegea, homa ikamwacha, akalala mchana kutwa kwenye mkeka mbele ya jiko huku nzi wa kawaida wakitembea kwenye vidole vyake. Dani alikaa kando akiwapunga kwa tawi, machozi yakimtiririka, akinong'ona shukrani. Jumapili wakaja wote na ngoma. Kuku alichinjwa. Nabii Rebeka akasimama akatangaza kwamba Bwana amemtembelea min Atieno, yaani mama yangu, na watu wakapiga vigelegele. Mimi niliendelea kula shingo ya kuku. Nilijua ni maombi ya nani yaliyojibiwa, lakini kujisifu mbele ya watu wazima kungekuwa utovu wa adabu.

Ila Mama hakuacha kulala. Alilala ameinamia jiwe la kusagia, unga mikononi. Alilala akiwa amesimama mlangoni, bega limeegemea ukuta. Siku moja alilala na tonge mdomoni, akabaki hivyo, shavu limevimba upande mmoja, na Dani akalazimika kulitoa kwa kidole kama anavyomfanyia mtoto mchanga. Nabii alisema tungoje, mwili uliopigana vita unahitaji kupumzika. Majirani wakaanza kunong'ona, tuo nindo, ugonjwa wa kulala, lakini wakanyamaza kila Dani alipokaribia.

Mimi nilidhani najua kilichotokea. Nilikuwa nimeomba mno. Nikarudi nyuma ya ghala, nikapiga magoti pale pale, nikasema, "Imetosha, Mungu. Ahsante. Imetosha." Nikaja kumtazama. Alikuwa amelala.

Baba alirudi kutoka kambini jua likiwa juu. Alimwita Mama kwa jina kutoka langoni, kama desturi yake, na hakuitikiwa. Alichuchumaa mbele ya mkeka akamtazama kwa muda, akamshika kichwa, akamfungua jicho kwa kidole gumba. Idara ilikuwa imewafundisha dalili. Kisha akasimama, akageuka, na macho yake yakaangukia ua wa mikonge ambako Dani alikuwa ameanika nguo. Sketi nyeusi ilikuwa pale katikati.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Sketi yake ya kuni," Dani akasema. "Ile nguo uliyoleta."

Baba aliishika pindo akaliachia.

Yaliyofuata yalikuwa mabishano, na sikuwahi kuwasikia hao wawili wakibishana bila mzaha. Baba alisema Mama apelekwe hospitali Homa Bay kesho, lori la idara linapita. Dani akasema wanaopelekwa huko huchomwa sindano ya uti wa mgongo na kutolewa maji, kisha wanarudishwa wamefungwa shuka. Alisema Mungu ameanza kazi na si adabu kumnyang'anya jembe katikati ya shamba. Baba akasema Mungu hajaanza chochote, kilichoanza ni mdudu, na mdudu yuko kichwani. Katikati ya maneno hayo Mama akafumbua macho.

"Wuon Atieno," akamwambia Baba polepole, kila neno likitafutwa. "Nililia nipate usingizi. Nimepata. Sasa mnataka kuniamsha mnipeleke wapi?"

"Mahali utakapoamka vizuri."

"Nimechoka kuamka," akasema, akafumba tena.

Asubuhi, tukingoja lori, nilimfuata Baba kando ya ua. Nilimwambia yote, makapi, magoti, na lile neno nililoongeza. "Baba, ni mimi niliyeomba alale."

Hakucheka. Angecheka, labda ningekuwa mtu mwingine. Alikuwa akiitazama ile sketi. "Si wewe," akasema. "Sikia, nyathina, mwanangu. Si wewe kabisa. Maombi yako hayakufanya kitu." Akaitoa sketi kwenye ua, akaikunja vizuri kama nguo ya kwenda nayo safari, akaingia jikoni akaiweka motoni. Pamba ile haikuwaka upesi. Ilitoa moshi mzito wenye harufu, na Dani akatoka akikohoa.

Nilipaswa kufurahi kwamba sina hatia. Lakini mtoto husikia anachosikia, nami nilisikia kwamba maombi yangu hayakufanya kitu. Kama hayakumlaza, basi hayatamwamsha. Kitu fulani kilizimika ndani yangu palepale, bila maumivu, na nikapanda lori nikiwa mwepesi na mtupu.

Hospitali ilitazama ziwa. Kulikuwa na harufu ya spiriti ndani na harufu ya omena wanaokaushwa nje, na mimi na Dani tuliishi kwenye veranda pamoja na watu wengine waliosindikiza wagonjwa, tukipika uji kwa zamu. Daktari alikuwa Mhindi mwembamba aliyesema Kiswahili cha kuhesabu maneno. Alimwita Baba veranda, akasema mbele yetu sote.

"Mdudu iko kwa kichwa. Iko dawa, lakini hii dawa iko kali sana. Wengi napona. Wengine dawa yenyewe naharibu kichwa."

"Na bila dawa?" Baba akauliza.

"Bila dawa hakuna mtu napona."

Baba alitikisa kichwa kukubali. Baadaye alimwambia Dani, "Huyu mtu amesema lile baya kwanza. Ninamwamini." Dani alikuwa ameshika rozari yake ya mbegu, lakini vidole havikusogea.

Sindano zilimchoma Mama kama moto unaopita mshipani, tulimsikia kutoka nje. Lakini aliamka. Naapa aliamka. Siku moja nilimkuta ameketi kwenye veranda, miguu imenyooshwa juani, akaniita kwa kidole nije nikae katikati ya magoti yake. Akanisuka. Mikono ilimtetemeka na mistari ilikwenda upande, nami sikutaka amalize. Baba alisimama karibu na nguzo.

"Wuon Atieno, huku hujakamata inzi hata mmoja?" Mama akamwuliza. "Watakufukuza kazi."

Baba akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu arudi.

"Na sketi yangu nyeusi iko wapi?"

"Imeungua," Baba akasema.

"Ilikuwa nguo nzuri sana," Mama akasema, akaendelea kusuka. Baba akageuza uso ziwani akakaa hivyo mpaka nywele zangu zikaisha.

Dani alisubiri mpaka Mama alipoingia ndani. "Nabii Rebeka hajala tangu tuondoke. Amefunga kwa ajili yake. Ndiyo maana ameamka."

"Ni sindano, mama."

"Sindano haijui jina lake."

"Haihitaji kulijua," Baba akasema, lakini kwa upole, maana sote tulikuwa na furaha na furaha ina nafasi ya kila mtu. Hata mimi nilianza kuhisi kitu, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kurudi.

Walimpumzisha, kisha wakarudia sindano. Ndipo dawa ikafanya lile ambalo daktari alikuwa amelisema kwanza. Mama aliporomoka kutoka kitandani akitikisika, ulimi ukavuja damu, kisha akatulia, akalala usingizi ambao haukuwa kama ule wa nyumbani. Katika ule wa nyumbani ungeweza kumwita akasikia. Daktari aliingia na kutoka, koti lake jeupe limelowa mgongoni. Mwisho alisimama mbele ya Baba akasema neno moja tu, "Tungoje." Kupitia mlango ulio wazi nilimtazama Baba akilipokea neno hilo. Lilikuwa neno la Nabii Rebeka. Miaka yote aliwacheka watu wa kijito kwa ajili yake.

Baba alitoka nje mahali nilipokuwa nimeketi na Dani. Akachuchumaa mbele yangu, kaptula yake ya khaki ya idara imejaa vumbi, uso wake ukawa sawa na uso wangu.

"Atieno. Yale maombi yako ya usingizi. Ulisemaje?"

"Ulisema hayakufanya kitu."

"Najua nilichosema. Ulisemaje?"

Nikamwambia. Akauliza nilikuwa nimekaaje, nikamwonyesha, magoti pamoja, mikono juu ya mapaja. Baba akapiga magoti juu ya saruji katikati ya watu na sufuria zao za uji. Watu wakaacha kukoroga. Nikaona hajui uso auweke upande gani. Kisha akasema, "Mungu, mwamshe min Atieno." Akanitazama. "Niongeze nini?"

"Sema, kabisa."

"Kabisa," Baba akasema.

Dani hakuomba naye. Alikuwa amegeukia ukuta na kujifunika kichwa kwa kanga. Sijui kama aliikumbuka siku ile ya mboga, alipomwambia kwamba na yeye atatua. Kama aliikumbuka, hakumwambia. Sikuwahi kuona mama akimhurumia mwanawe kwa ukimya kiasi kile.

Mama alikufa kesho yake, kabla ya adhuhuri. Tulirudi naye kwa lori lile lile, na nakumbuka nilikuwa nahesabu punda barabarani. Kwenye mazishi wanawake walinishika wakinilaza vifuani mwao ili nilie, nami nilikaa mle kama kifurushi, nikinusa majasho yao. Watu wakasema mtoto huyu ana moyo mgumu. Sikuwa na moyo mgumu. Sikuwa na kitu chochote.

Baada ya hapo Dani hakwenda tena kwenye banda la kijito. Hakueleza, na Nabii Rebeka alipokuja kumtembelea walikaa pamoja wakachambua mboga bila kutaja Mungu. Aliyeanza kwenda ni Baba. Hakuvaa kanzu wala hakuimba. Alisimama karibu na mlango kofia mkononi, akasikiliza, akatoka kabla ya matangazo. Siku za kazi aliendelea kubeba kitambaa cheusi vichakani. Hilo la sketi hakulisema mpaka akafa.

Nilisoma, nikawa mwalimu, nikafundisha sayansi shule ya msingi mpaka nikastaafu. Nimemchora mbung'o ubaoni mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Nimewaeleza watoto kwamba mdudu huanza kwenye damu, homa ikaja na kupoa, watu wakadhani amepona, kisha mdudu akaingia kwenye ubongo na usingizi ukafuata. Ungefuata hata kama mtoto fulani asingepiga magoti nyuma ya ghala. Na ilikuwa darasani, chaki mkononi, nikisema kwamba mbung'o hupenda nguo nyeusi, nilipoiona tena sketi ile kwenye ua na macho ya Baba yakiitazama. "Si wewe," alisema. Hakuwa akiyadharau maombi yangu. Alikuwa akiniambia kwamba ni yeye. Nilimaliza somo, kengele ikalia, nikafuta ubao.

Pale dukani Migori sikununua kaniki. Nilichukua kitambaa cha kahawia, na shemeji zangu wamenuna mpaka leo. Jioni ile binti yangu alikaa ukingoni mwa kitanda changu na glasi ya maji, akinitazama nikiwa na kidonge kiganjani.

"Umeomba, Mama?"

Nikakimeza kidonge, maana nakiamini. Kisha nikaona amebaki ananingoja, uso umejaa wasiwasi kama uso wa Baba niliouona zamani ukiwa sawa na wangu kwenye veranda. Nikaweka mikono juu ya mapaja.

"Mungu," nikasema, "niamke."

Binti yangu akafikiri nimekosea. "Ulale, Mama."

"Niamke," nikasema. "Kabisa."